Mwaloni Umeanguka Uani? Subiri Kwanza Kabla Hujaweka Nyama

Kila upepo mkali ukipita huku Texas ndugu zetu wanatupigia simu ofisini, na kimbunga Beryl cha Julai 2024 kiliangusha miti mingi sana Houston, swali ni lilelile: mti umelala uani, fundi keshaukata vipande, je naweza kupikia nyama ya moshi?

Kama ni mwaloni, ndiyo, tena umebahatika. Mabingwa wa nyama wa katikati ya Texas, wale wanaokalisha kidari cha ng'ombe kwenye moshi masaa kumi na zaidi, kuni yao ni posti oki ambayo ni mwaloni tu. Ni mti mzito, unawaka taratibu, na moshi wake hauimezi ladha ya nyama.

Shida ni kwamba watu wanakata leo wanawasha kesho. Jamani, kuni mbichi ina maji, haiwaki vizuri, inatoa moshi mweupe mzito na nyama inatoka nyeusi na chungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Pasua vipande, vipange juu ya mbao visiguse udongo, upepo upite, juu funika kidogo, pembeni acha wazi, subiri miezi sita hadi mwaka na vile vinene hata zaidi. Utajua imekauka ukiona nyufa kwenye ncha, gome linabanduka lenyewe, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kwa sauti kali, siyo dufu. Ukiwasha, moshi mzuri ni mwembamba, wa bluu kwa mbali, karibu hauonekani.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Kama mti haukuangushwa na upepo bali ulikufa wenyewe, jiulize ulikufa na nini. Kuanzia Austin mpaka San Antonio na vilima vya jirani kuna mnyauko wa mwaloni, ugonjwa wa kuvu unaoua mwaloni mwekundu, ule wa majani yenye ncha kali kama miiba, ndani ya wiki chache tu. Chini ya gome kuvu inatengeneza utando wenye harufu ya matunda, wadudu wadogo wanaufuata halafu wanabeba ugonjwa mpaka kwenye mti wa jirani wenye kidonda kibichi. Moshi wenyewe hauambukizi, ila kuni ulizompelekea shemeji yako mji mwingine zinaweza kuua miti ya mtaa mzima, maana mialoni iliyokaribiana inaambukizana hata kwa mizizi. Kwa hiyo kuni za mti uliougua usizisafirishe, zichome hapohapo au zifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, kingo zote zifukiwe na udongo. Na kupogoa mialoni kuanzia Februari hadi mwisho wa Juni acha kabisa, mwezi wowote mwingine ukikata paka rangi kwenye kidonda saa hiyohiyo.

Angalia pia shina kama lina mtambaa wenye manyoya na majani matatumatatu, huo ni sumu, moshi wake unaunguza mapafu. Mbao za uzio wa zamani usiguse, nyingi zilitiwa dawa yenye aseniki.

Kwenye kupika, rangi ya moshi isikudanganye kwamba nyama imeiva. Nunua kipimajoto, kuku afike nyuzi 74 za Selsiasi (165 za Farenhaiti), nyama ya kusaga 71 (160 F), vipande vya ng'ombe 63 (145 F) na uviache dakika tatu, ingawa kidari hakilainiki mpaka kikaribie 95 (203 F).

Na jiko likae nje, mbali na madirisha, hata mvua ikinyesha. Kwenye ile baridi kali ya Februari 2021 kuna watu Texas walikufa kwa hewa ya kaboni monoksidi wakijitafutia joto ndani ya nyumba, na hewa hiyo haina harufu, gereji iliyofunguliwa mlango bado siyo nje.