Disketi za kuwashia kompyuta: zihamishie kwenye CD moja kabla hazijagoma

Karibu na kompyuta kongwe ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, ile inayoendesha mashine ya maabara au kutunza hesabu za miaka ya nyuma, aghalabu kuna kiboksi cha disketi. Moja ya FreeDOS (mfumo endeshi wa aina ya DOS ya zamani), moja ya Memtest86+ ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), moja ya kusasisha BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kompyuta, inayoiwasha), na nyingine ambayo lebo yake imeshafutika. Sisi wa kitengo cha TEHAMA tunaomba jambo moja kabla ya mengine yote: zisomeni sasa. Sony iliacha kuuza disketi mwaka 2011, na ukungu hauzionei huruma zilizobaki.

Kwenye Linux, disketi husomwa nzima kwa amri hii:

dd if=/dev/fd0 of=freedos.img bs=512 count=2880

Faili litakalotoka lazima liwe na baiti 1,474,560 kamili. Likipungua, kuna sekta (kipande cha disketi) iliyogoma. Safisha kichwa cha kisomeo kwa spiriti, kisha jaribu kisomeo kingine. Mara nyingi disketi inayokataa huku hukubali kule.

Wengi hudhani kazi imeisha hapo, wanachoma mafaili hayo kwenye CD na kushangaa kompyuta haiwaki. CD huwaka kwa utaratibu uitwao El Torito, uliotolewa na Phoenix na IBM mwaka 1995 (jina, inasemekana, lilitokana na mgahawa). Katika utaratibu huo BIOS inaweza kuchukua nakala ya disketi iliyo ndani ya CD na kuiita A: (jina la kisomeo cha kwanza cha disketi), huku kisomeo halisi kikisogezwa kuwa B:. Ujanja mzuri, ila kwa disketi moja tu. Kwenye maandishi yake El Torito inaruhusu zaidi ya moja, lakini BIOS nyingi hazikuwahi kumpa mtumiaji nafasi ya kuchagua.

Ndipo inapoingia ISOLINUX, sehemu ya Syslinux, mkusanyiko wa programu za kuwashia kompyuta ulioanzishwa na H. Peter Anvin. Yenyewe huwaka bila kuigiza disketi, inaonyesha menyu, kisha inamwita mwenzake MEMDISK. Huyu hupakia nakala uliyochagua kwenye RAM na kukaa mlangoni: programu ikiiomba BIOS isome A:, MEMDISK ndiye anayejibu. DOS haishtuki kabisa.

Tengeneza folda iitwayo cd, na ndani yake nyingine iitwayo isolinux. Humo weka isolinux.bin, memdisk, menu.c32 na nakala zako za disketi (yale mafaili ya .img). Kuanzia Syslinux toleo la 5 ongeza pia ldlinux.c32 na libutil.c32, zote za toleo lilelile. Ukichanganya matoleo menyu haifunguki. Faili la isolinux.cfg lianze na mstari «UI menu.c32», halafu kila disketi ipate mistari yake:

label freedos
kernel memdisk
append initrd=freedos.img

Kisha, ukiwa nje ya folda ya cd, tengeneza zana.iso, yaani nakala nzima ya CD, kwa amri hii:

mkisofs -o zana.iso -b isolinux/isolinux.bin -c isolinux/boot.cat -no-emul-boot -boot-load-size 4 -boot-info-table cd

Wakati wa kuchoma, chagua kuchoma nakala ya CD, si kunakili faili. Ukifungua CD ukakuta zana.iso peke yake ndani, umeharibu CD. Nafasi si tatizo: CD ya MB 700 hubeba karibu disketi 500.

Zipo zitakazokataa. MEMDISK hudanganya programu zinazopitia BIOS pekee. Disketi za kusakinishia Windows XP, kwa mfano, zikishaanza huacha BIOS na kwenda moja kwa moja kwenye kisomeo halisi, ambacho ni kitupu. Za Linux nazo nyingi zina tabia hiyo. Hizo ni afadhali utoe kernel (kiini cha mfumo) na initrd yake (faili la kuanzia linalopakiwa nayo kwenye RAM) uviweke kwenye menyu bila MEMDISK. Na kompyuta mpya zenye UEFI (mrithi wa BIOS) pekee, bila hali ya BIOS ya zamani, hazitaiwasha CD hii.

Mwisho, angalieni sana mnaposasisha BIOS. Programu nyingi za kazi hiyo huuliza kama zihifadhi nakala ya BIOS ya zamani na wapi, na watu hujibu A: kwa mazoea. Hiyo A: iko kwenye RAM, ukizima umeme, nakala imepotea. Ielekezeni kwenye diski kuu.