Doa Jeupe Shavuni: Popoo, Tumbaku na Saratani ya Kinywa

Neno uraibu lilikuwa la kijaluba, kikopo cha kuwekea tambuu, kabla halijawa la dawa za kulevya. Popoo, chokaa, katu na tumbaku, vitu vya kutiwa ndani ya jani la tambuu, ndivyo vilivyoitwa uraibu, na ndivyo alivyokaribishwa navyo mgeni katika nyumba za Lamu, arusini na barazani. Siku hizi kijaluba kimekuwa adimu. Popoo haikuondoka nacho: imehamia kwenye pakiti ndogo za rangi, ikatiwa sukari na manukato.

Wengi huamini kwamba ubaya wa mchanganyiko huu ni tumbaku peke yake, na kwamba anayetafuna popoo tupu yuko salama. Sivyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka popoo yenyewe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2004. Kundi hilo ndilo lenye tumbaku na pombe. Jani la tambuu si mshitakiwa mkuu. Aliyezoea ladha yake na akaacha popoo na tumbaku amekwisha kujiondolea mzigo mkubwa.

Popoo ina kemikali iitwayo arekolini, ndiyo inayochangamsha na kuleta joto la uso. Chokaa huyafanya mate kuwa makali, arekolini ikapenya upesi, na chokaa hiyo hiyo huchubua ngozi laini ya shavu ikaacha mlango wazi. Ndani ya mate, sehemu ya arekolini hugeuka nitrosamini, jamii ya sumu iliyomo pia katika tumbaku, na sumu hizi huharibu vinasaba vya seli. Jeni inayoharibika mara nyingi ni TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli mbovu isigawanyike. Ikishaharibika, seli mbovu haina wa kuisimamisha.

Kuna jambo la pili, na hili ni la popoo hasa. Popoo ina madini ya shaba kwa wingi. Shaba huamsha kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni chini ya ngozi ya kinywa, na tannini za popoo huzikaza nyuzi hizo zisivunjike tena. Mtu huanza kwa kulalamika kwamba pilipili inamchoma kuliko zamani. Kisha shavu hupauka, likawa gumu, na ukipitisha kidole ndani unagusa mishipi kama ya kamba. Mdomo huzidi kuwa mgumu kufunguka mwaka hadi mwaka, mpaka tonge la wali huingia kwa shida. Hali hii si saratani, lakini ni njia ya kuiendea: tafiti nyingi zinaonyesha kwamba wagonjwa kati ya 4 na 8 katika kila 100 huishia kupata saratani. Ugumu ukishakuwepo haurudi nyuma wenyewe kwa kuacha popoo, ila kuacha huzuia usizidi.

Kipimo chake cha nyumbani hakina gharama. Simamisha vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimepangana juu kwa chini, uviingize kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kwa mtu mzima mwenye kinywa kizima vidole vyake mwenyewe huingia. Vikiingia viwili tu, na wewe ni mtafunaji, nenda ukaangaliwe hata kama hakuna kinachouma.

Kuangalia kinywa kizima huchukua dakika tatu. Simama mbele ya kioo na tochi ya simu, meno ya bandia yakiwa yametolewa. Pindua mdomo wa juu na wa chini. Vuta kila shavu nje kwa kidole, uangalie zaidi pale unapozoea kuuweka mchanganyiko, kwa sababu saratani ya watafunaji hupenda kuanzia hapo. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa kikavu, uuvute upande wa kulia kisha wa kushoto ili uone pembe zake mpaka nyuma. Inua ulimi uangalie chini yake. Hapo na pembeni mwa ulimi ndipo panaposahaulika sana, na watu huridhika kuangalia mgongo wa ulimi, mahali ambapo saratani ni nadra. Malizia kwa kupapasa shingo pande zote mbili, kuanzia chini ya taya hadi kwenye mtulinga, ukitafuta tezi ngumu isiyouma.

Doa jeupe linalofutika kwa kitambaa mara nyingi ni fangasi. Lisilofutika ndilo la kupelekwa hospitali. Doa jekundu kama mahameli ni la haraka zaidi kuliko jeupe, kwani sehemu kubwa ya madoa ya aina hiyo, yakipimwa, hukutwa na mabadiliko makali au saratani yenyewe. Kidonda kisichopona ndani ya wiki tatu, jino linalolegea bila sababu, ganzi ya mdomo wa chini, sikio linalouma upande mmoja wakati sikio lenyewe ni zima: vyote ni dalili. Maumivu si kipimo. Saratani changa ya kinywa mara nyingi haiumi, na wanaopima vinywa wanajua kwamba mgonjwa wa mapema ndiye anayesema "hata halinisumbui".

Kuangalia tu kwa macho kumethibitishwa kuwa na faida. Huko Kerala, India, utafiti ulioanza mwaka 1996 ukahusisha watu wapatao 190,000 ulitumia wahudumu waliofundishwa kuangalia kinywa wakiwa na tochi, nyumba kwa nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Hakukuwa na mashine. Kazi hiyo wahudumu wa afya ya jamii wa vijiji vya Lamu kama Faza, Kizingitini au Matondoni wanaweza kuifanya wakifundishwa.

Mambo huharibika wapi? Kwanza kwa antibiotiki. Kidonda hupewa dozi moja, kisha ya pili, kisha ya tatu yenye jina jipya, na miezi minne inapita. Dozi moja inatosha. Baada ya hapo kidonda kikatwe kipande kidogo cha nyama, kikapimwe maabara. Pili kwa koleo: jino limelegea kwa sababu uvimbe umekula mfupa, linang'olewa, na tundu lake halifungi. Tatu ni maneno ya barazani kwamba kisu kikigusa saratani husambaa. Hakuna ukweli ndani yake. Kinachosambaza saratani ya kinywa ni muda, na inapoondoka kinywani kituo chake cha kwanza ni tezi za shingo.

Kukata kipande hicho cha nyama ni kazi ya dakika chache kwa ganzi ya sindano. Kipande hutolewa ukingoni mwa kidonda, kikiwa na nyama mbovu na nzima kidogo. Kikitolewa katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa, na maabara hurudisha jibu lisilosema kitu. Hutiwa kwenye chupa ya mdomo mpana yenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, ujazo wake usiopungua mara kumi ya kipande. Maji ya chumvi hayafai, spiriti haifai, na barafu huharibu seli. Jambo hili lina uzito Lamu, ambako chupa hupanda boti hadi Mokowe kabla ya safari ya barabara kwenda Mombasa: ndani ya fomalini ya kutosha kipande hustahimili safari, lakini katika fomalini ya kijiko kimoja huoza katikati. Mgonjwa ana haki ya kuuliza jibu litatoka lini na nani atampigia simu. Aulize.

Jibu likiwa saratani, skani ya shingo huonyesha ilipofika. Zamani ukubwa ulipimwa kwa upana peke yake. Tangu toleo la nane la kanuni za kupanga hatua za saratani, lililoanza kutumika 2018, kina nacho huhesabiwa: uvimbe wa sentimita mbili uliozama zaidi ya milimita 5 hauwekwi tena katika hatua ya kwanza, kwa sababu kina ndicho kinachobashiri kama tezi zimeguswa.

Tiba ya msingi ni upasuaji, na hapa swali gumu lilikuwa tezi za shingo zisizoonekana kuvimba. Ziondolewe mapema au zisubiriwe? Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilijibu mwaka 2015. Katika wagonjwa wenye uvimbe mdogo, waliotolewa tezi pamoja na uvimbe, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Waliosubiriwa walikuwa asilimia 67.5. Kwa hiyo daktari akisema atapasua na shingo ilhali shingo haina kitu, asidhaniwe anazidisha.

Ugonjwa ukiwa mkubwa, mionzi hufuata upasuaji: kwa kawaida vipindi 30 au zaidi, siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki sita, wengine wakiongezewa dawa ya sisplatini. Meno mabovu yang'olewe kabla, na vidonda vyake vipewe wiki mbili za kupona, kwa sababu jino linalong'olewa baada ya mionzi huweza kuacha mfupa wa taya ukifa. Kufikia wiki ya pili au ya tatu kinywa huchubuka. Sukutua mara nne hadi sita kwa siku kwa lita moja ya maji vuguvugu yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea. Zaidi ya yote, siku zisikatwe: pengo la siku kadhaa huipa saratani nafasi ya kuota tena. Anayetoka Pate apange mahali pa kulala na nauli kabla ya kipindi cha kwanza, na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, uwe umekamilika. Ikiangukia Ramadhani, ruhusa ya mgonjwa kula ipo na itumiwe, kwa sababu mwili unaokauka hauvumilii sisplatini, na figo ndizo zinazolipa.

Kwa saratani iliyorudi au isiyoweza kupasuliwa, dawa za kuamsha kinga ya mwili zimeleta mabadiliko, lakini bei yake ni ya kutisha. Tata Memorial walijaribu dozi ndogo ya nivolumabu, miligramu 20 kila wiki tatu, chini ya sehemu ya kumi ya dozi ya kawaida, pamoja na vidonge vya bei nafuu. Waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walipanda kutoka asilimia 16.3 hadi 43.4. Hiyo si kupona, na isichukuliwe hivyo. Lakini kwa nchi zetu matokeo haya yana uzito kuliko dawa nyingine mpya ambazo hazitafika.

Kuacha popoo si kazi ndogo, kwani arekolini hushika kama nikotini inavyoshika. Siku za kwanza huwa na kichwa kuuma na hasira. Karafuu au iliki kinywani husaidia mkono na ulimi usiozoea kukaa bure, na laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, hupokea wanaotaka kuacha. Huko Malindi, anayevuta sigara na kunywa mnazi ajue kwamba madhara ya viwili hivyo hayajumlishwi, huzidishana.

Aliyetibiwa huendelea kuangaliwa: kila mwezi hadi miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, kila miezi miwili hadi sita katika wa pili, kisha kwa nafasi zaidi hadi mwaka wa tano. Shavu moja likiugua, la pili limekula popoo ile ile kwa miaka ile ile, na huangaliwa kila mara pamoja na kovu.