Bilioni zimo kwenye barua, darasani ni dola 55

Wiki hii nimetumiwa tena. Ni barua ya mwakilishi wetu wa jimbo kwa wapiga kura, ile inayoeleza mambo makubwa yaliyofanyiwa elimu kule Austin, makao makuu ya jimbo la Texas. Imepita kundi la wazazi, la kanisa na la kamati ya harusi hadi ikanifikia, na juu yake swali ambalo tayari ni hukumu: "Kaka, mheshimiwa anasema shule zimeongezewa dola bilioni 8.5. Nyinyi huko ofisini mmezipeleka wapi?"

Mimi nashughulika na bajeti ya wilaya ya shule hapa Texas, yaani eneo la shule za umma lenye bodi na bajeti yake, mwaka wa 11 huu. Swali hilo nimeulizwa na Wakongo, Wakenya na Watanzania, msibani na kwenye foleni ya duka. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa sababu watu wamefika mahali pa kuwaita wahasibu wezi, na jambo hilo linaniuma.

Kwanza, mheshimiwa hajadanganya. Sheria ya fedha za shule, iitwayo HB 2, ilitiwa saini Juni 2025 na kweli inabeba takriban dola bilioni 8.5 kwa miaka miwili. Ila fedha hizo zilishagawiwa kazi kabla ya kutufikia. Fungu kubwa ni la mishahara ya walimu. Katika wilaya yenye wanafunzi zaidi ya 5,000, mwalimu wa mwaka wa tatu au wa nne anaongezewa dola 2,500, na aliyefikisha mitano dola 5,000. Wilaya ndogo ni 4,000 na 8,000. Hizo ni za mwalimu, hatuzigusi, na sina ugomvi nazo hata kidogo. Kuna fungu la dola 106 kwa mwanafunzi la kusaidia bima, umeme, mafuta ya mabasi na gharama za namna hiyo. Kisha kuna mgao wa msingi, kile kiasi cha kuanzia kinachohesabiwa kwa kila mwanafunzi, ambao ndio uti wa mgongo wa bajeti yote. Tangu 2019 ulikuwa dola 6,160. Sasa ni 6,215. Umeongezeka dola 55, haifiki asilimia 1, ilhali bei za vitu katika miaka hiyo sita zimepanda zaidi ya asilimia 20. Ukiona shule inafungwa au mwalimu wa muziki anaondolewa, anzia kwenye hesabu hiyo kabla ya kumtafuta mwizi.

Wapo wanaoniuliza pia fedha za bahati nasibu ya jimbo ziko wapi; hayo nitayapita haraka: ndiyo, mapato yake yanaingia shuleni, na hapana, hayatoshi hata karibu. Vocha nazo, zile fedha za jimbo za kumlipia mtoto shule binafsi: dola bilioni 1 za sheria ya SB 2 ni sheria nyingine na fungu jingine, ila mtoto akihama na vocha yake, mgao wake kwetu unaondoka naye.

Sasa nije kwenye linalonikera. "Kodi ninayolipa kama mwenye nyumba (property tax) imepanda, kwa hiyo shule ina pesa zaidi." Hapana, ndugu yangu. Kanuni ya jimbo huanza kwa kukokotoa haki ya wilaya, yaani jumla ya fedha inazostahili kupata. Tuseme haki yetu ni dola 100. Kodi zenu zikileta 40, jimbo linajazia 60. Mwakani thamani ya nyumba ikipanda, kodi zikaleta 50, jimbo linajazia 50. Wewe umelipa zaidi, jimbo limepumua, na sisi tumebaki na 100 ileile. Wilaya zenye majumba ya thamani sana hufikia hatua ya kurudisha ziada kwa jimbo; wilaya ya shule ya Austin imekuwa ikilipa hivyo kwa miaka mingi, chini ya utaratibu uliotokana na sheria ya 1993.

Igeuze hesabu hiyo kinyume, ndipo utaelewa barua. Mwaka 2023 wapiga kura waliridhia msamaha wa kodi ya shule kwa nyumba yako unayoishi, yaani sehemu ya thamani yake isiyotozwa kodi hiyo, upande kutoka dola 40,000 hadi 100,000, na Novemba 2025 wakaupandisha hadi 140,000. Kodi zenu zinashuka kutoka 40 hadi 30, jimbo linajazia 70. Mheshimiwa ataandika kwamba mchango wa jimbo kwa shule umeongezeka kwa 10, na kalamu yake haitakuwa imekosea. Lakini darasani bado ni 100! Kumi hiyo imeingia mfukoni mwa mwenye nyumba, pengine wewe, na una haki ya kuifurahia. Usije tu kunidai mimi. Mpangaji ndiye namhurumia, maana msamaha huo si wake, na mwanawe yuko kwenye darasa lilelile.

Jambo la pili ni hilo neno "kwa mwanafunzi". Texas hailipi mgao wa msingi kwa mtoto aliyeandikishwa, inalipa kwa wastani wa waliohudhuria kila siku. Shule ina wanafunzi 1,000. Wakihudhuria asilimia 92 badala ya 96, wamepungua 40, na 40 mara 6,215 ni dola 248,600, karibu mishahara ya walimu wanne. Chumba hakijapungua taa wala dawati, kwa sababu hao 40 hawatoki darasa moja. Leo huyu, kesho yule.

Hapa linatuhusu sisi tunaopeleka watoto nyumbani Desemba. Wiki tatu za ziada ni siku 15 za shule, kila siku takriban dola 35. Siwaambii msiende. Bibi anazeeka, na mtoto amwone. Ila kama tiketi inaweza kusogezwa iangukie likizo, isogezeni. Na ile saa rasmi ya kuhesabu mahudhurio, kila shule inayo yake, iulizeni. Mtoto akiingia baada ya saa hiyo kwa kuchelewa tu, siku hiyo kwa hesabu ya fedha hakuwepo, hata akisoma hadi jioni. Akitoka kwa daktari na cheti mkononi, akarudi siku hiyohiyo, anahesabiwa.

Je, tulipwe kwa uandikishaji badala ya mahudhurio? Kwa miaka mingi nilisema ndiyo bila kufikiri, kwani wanaokosa shule zaidi ni watoto wa maskini, na shule zao ndizo zinazokatwa. Siku hizi nasita. Nimeona jinsi simu za kumtafuta mtoto aliyepotea wiki mbili zinavyopigwa kwa bidii kwa sababu kuna fedha nyuma yake, na sijui kama bidii hiyo ingebaki. Na nikiri jambo jingine: takwimu tunazopewa mwanzoni mwa mwaka ni makadirio, hesabu hufungwa mwaka ukishaisha, na kuna miaka nimesimama mbele ya bodi nikatetea namba ambayo baadaye ilibadilika. Sikuwa nadanganya, lakini naelewa kwa nini wazazi waliona hivyo.

Bunge la Texas hukaa siku 140 katika miaka ya witiri, kwa hiyo kikao cha kawaida kijacho kinaanza Januari 2027. Barua nyingine itakuja. Ikija, mjibu mheshimiwa kwa maswali mawili: mgao wa msingi umepanda dola ngapi, na katika hayo mabilioni, ni kiasi gani kinaziba pengo la msamaha wa kodi? Akishakujibu, nitumie, na tutakaa tupige hesabu pamoja.