Waya wa superkondakta huvalishwa nini

Watu wakisikia superkondakta, yaani kitu ambacho kikipozwa sana hupoteza ukinzani wote wa umeme, wanafikiria tu ile baridi na umeme unaopita bila kupotea, alafu wananiuliza treni ya kuelea itatoka Syokimau lini. Sawa, lakini kazi yangu mimi iko mahali ambapo watu hawaangalii sana, iko kwenye koti. Yaani ule utandu mwembamba wa oksidi unaopakwa juu ya waya kabla waya haujasukwa ukawa koili. Wanafunzi hapa chuoni Chiromo, Nairobi, huniuliza kwa nini nimeng'ang'ana na koti la waya badala ya kutafuta superkondakta mpya, na leo nataka nijibu vizuri, kwa kirefu.

Superkondakta nzuri tunazo tayari. Kamerlingh Onnes aliona zebaki ikipoteza ukinzani wote kule Leiden 1911, Bednorz na Müller wakaja na oksidi za shaba 1986 wakiwa Zurich, mwaka uliofuata ikapatikana ile ya itriamu, bariamu na shaba inayofanya kazi hata juu ya kelvini 90 (karibu digrii 183 chini ya sufuri), manake naitrojeni majimaji ya kelvini 77 inatosha kuipoza. 1988 Wajapani wakaleta za bismathi. Hizo zote zipo. Shida iliyobaki ni kuzigeuza ziwe waya, waya uwe koili, na koili iwe sumaku ambayo haitajiunguza, na hapo ndipo koti linaingia.

Nenda Kirinyaga Road ukaone fundi akiriwaindi mota iliyoungua. Waya wa shaba anaotumia umekuja umeshapakwa vanishi, nyembamba mpaka unaweza kudhani ni rangi ya shaba yenyewe, na kabla ya kusoda ncha lazima aikwangue kwa wembe la sivyo risasi haishiki. Ile vanishi ikikwaruzika mahali pamoja tu na mizunguko miwili ikagusana, umeme unakata njia ya mkato, koili inashika moto na mota inarudi kwake tena. Sumaku ya superkondakta ni koili vilevile, ina mizunguko mamia au maelfu imelaliana, tofauti ni kwamba vanishi ya fundi haiwezi kuvumilia joto ambalo waya wetu lazima upitie.

Sasa kuna mtu atasema, lakini superkondakta haina ukinzani, umeme utatokaje kwenye waya uende kwa jirani? Swali zuri sana. Mkondo ukishatulia, kweli, volti kati ya mzunguko na mzunguko ni karibu sufuri. Lakini wakati unapandisha mkondo kuna volti, na mbaya zaidi ni pale sehemu moja ya koili ikipata joto kidogo ikaacha kuwa superkondakta, hapo nishati yote iliyokaa kwenye sumaku inatafuta pa kwenda kwa sekunde chache. Tarehe 19 Septemba 2008 kule CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku kiliharibika, cheche ikatoboa chombo cha heliamu inayopoza sumaku na tani kadhaa za heliamu zikamwagika ndani ya handaki la kilomita 27. Pale kosa halikuwa kwenye koti la waya, ni kiungo, lakini ukitaka kujua sumaku hizi zimebeba nishati kiasi gani, basi ndiyo hiyo.

Kwa hivyo koti lazima liwepo, na swali linabaki ni liwe nene kiasi gani, na hapa naomba mchukue kikokotoo. Waya wa milimita 0.8, uuvike suka ya nyuzi za seramiki yenye unene wa mikroni 150 (mikroni elfu moja ni milimita moja), kipenyo kinakuwa milimita 1.1. Eneo linafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe, kwa hivyo gawanya 0.8 kwa 1.1, jibu ulizidishe kwa jibu, unapata 0.53. Karibu nusu ya nafasi imeliwa na koti! Na bado sijahesabu mianya kati ya waya na waya. Sasa weka koti la mikroni 10 tu, kipenyo kinakuwa 0.82, hesabu ile ile inakupa 0.95. Nguvu ya sumaku inategemea ampea ngapi umeweza kubana kwenye kila milimita ya mraba ya koili, kwa hivyo waya ule ule, baridi ile ile, mkondo ule ule, umepata karibu mara 1.8 ya kile ulichokuwa nacho kwa kubadilisha tu koti. Mimi sijaona njia nyingine rahisi ya kupata faida kubwa hivyo, na ndiyo maana nang'ang'ana.

Joto nalo. Sumaku nyingi za MRI, zile mashine za hospitali za kupiga picha ndani ya mwili, zinatumia niobiamu na titaniamu, aloi inayopindika vizuri, unaisuka ikiwa imeshaiva, vanishi ya kawaida inatosha, hakuna shida. Niobiamu na bati ni lazima uioke karibu digrii 650 baada ya kuisuka, huko watu wanatumia nyuzi za kioo. Lakini ile ya bismathi inayoitwa 2212, ambayo naipenda kwa sababu inatengenezeka waya wa mviringo kabisa, hiyo ni poda ndani ya ganda la silva na inahitaji kuokwa karibu digrii 890 ndani ya oksijeni mpaka poda iyeyuke kidogo alafu iunde fuwele upya. Silva yenyewe inayeyuka 962, sasa ona nafasi uliyonayo ni ndogo namna gani. Na ikishaiva ni seramiki, ukiipinda imevunjika, kwa hivyo unasuka kwanza ndio uoke. Plastiki yoyote utakayoweka kati ya mizunguko itakuwa masizi kabla hujafika nusu ya safari.

Koti la waya huo linatakiwa livumilie 890, lisiungane na silva, lisiungane na poda ikitoboka kidogo, na lisizuie oksijeni kwa sababu poda inaihitaji ndani na huwa inapenya kupitia silva. Alafu lipanuke na waya. Hii ya mwisho ndiyo huua makoti mengi. Chukua mita moja ya silva, ipashe kutoka joto la chumba hadi 890, inarefuka zaidi ya milimita 16. Zirkonia, yaani oksidi ya zirkoniamu, inarefuka kama 9. Magnesia, oksidi ya magnesiamu, 11 hivi. Silika haifiki hata nusu milimita, na juu ya hiyo silika inapenda kuungana na poda ya bismathi ikiwa ya moto, kwa hivyo mimi silika naiacha kando kabisa hata kama ni rahisi kupatikana. Zirkonia yenye magnesia au itria (oksidi ya itriamu) kidogo ndani ndiyo chaguo langu, itria inaifanya fuwele ya zirkonia isibadilike umbo wakati wa kupoa, kwa sababu ikibadilika inavimba na koti linabanduka.

Sasa unapakaje kauri ya mikroni chache juu ya mamia ya mita za waya? Sol-jeli. Unachukua alkoksidi ya zirkoniamu, yaani zirkoniamu iliyoshikwa na vipande vya pombe, iwe butoksidi au propoksidi, unaiweka kwenye isopropanoli, unaongeza asetilasetoni na unaona mchanganyiko unageuka njano hafifu, hiyo njano ni dalili kwamba asetilasetoni imeshika zirkoniamu na itapunguza haraka yake. Ndipo unaongeza maji na asidi kidogo, tone kwa tone. Ukimwaga maji yote mara moja bila asetilasetoni unapata unga mweupe chini ya bika papo hapo na hiyo ndiyo siku yako imeisha. Ukienda polepole, maji yanang'oa vile vipande vya pombe kwenye zirkoniamu, zirkoniamu mbili zinashikana kupitia oksijeni, kisha tatu, kisha mnyororo, na kioevu bado kinaonekana safi kama chai ya rangi iliyozimuliwa. Hiyo ni soli. Ukiiacha inazidi kuwa nzito mpaka siku moja unainamisha bika na haimwagiki. Hiyo ni jeli. Kazi yote ya kupaka iko kati ya hizo hali mbili.

Waya unashuka ndani ya soli, unazunguka roda ndogo, unapanda wima kupitia oveni fupi inayokausha na kuchoma mabaki ya kaboni, unarudi tena chini. Unene unafuata kasi ya waya na uzito wa soli, yaani inavyosita kumwagika, vikipandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili, manake ukiongeza kasi mara mbili koti linakuwa nene kama mara 1.6. Hapo ndipo tamaa inaingia, mtu anaona bora niharakishe nipate mikroni 3 kwa mpito mmoja nimalize. Haitakubali. Jeli ikikauka inasinyaa sana lakini waya umeishikilia isisogee, basi inachanika. Mipako inayozidi karibu mikroni moja kwa mpito mmoja huwa inapasuka na kuinuka kingo, ukiiweka chini ya hadubini inafanana na magamba. Paka nyembamba, choma, paka tena, choma, hata kama ni mara kumi au zaidi. Njia hii ilifanyiwa kazi sana miaka ya 1990 kwenye maabara ya kitaifa ya sumaku kubwa ya Marekani pale Tallahassee, Florida, na kanuni haijabadilika.

Nairobi ina mambo yake kwenye hii kazi na hayaandikwi kwenye resipe za watu wa usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,800 juu, maji yanachemka digrii 94 hivi, pombe nayo inaruka haraka, kwa hivyo utandu unakauka mapema kuliko resipe inavyosema na unatakiwa upunguze joto la sehemu ya kwanza ya oveni au uongeze kidogo kiyeyusho kinachokauka polepole. Kisha mvua ya Aprili ikianza, hewa yenyewe inaleta maji ambayo hukuyapima. Soli ile ile iliyokaa vizuri Februari inaganda mapema, na utandu unatoka na ukungu mweupe juu yake. Mimi msimu huo nachanganya kidogo kidogo, nafungia chupa ya alkoksidi ndani ya sanduku lenye silika jeli, na mwanafunzi anayeacha kifuniko wazi namwambia wazi kwamba amemwaga pesa, kwa sababu chupa hiyo imeagizwa kutoka nje. Stima ikipotea katikati ya kuchoma, waya ulio ndani ya oveni ukate uutoe, usijaribu kuuendeleza, ule mstari uliopoa ghafla hautawahi kushika.

Kuna jambo lingine watu hawaliamini mpaka walione. Ukipinda waya wa milimita 0.8 kwenye duara la nusu kipenyo milimita 20, uso wa nje unavutika asilimia 2. Seramiki haivumilii hata nusu asilimia. Kwa hivyo koti letu litapasuka wakati wa kusuka, hilo lipo. Lakini koti jembamba lililoshika vizuri linapasuka kuwa visiwa vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kimebaki kimeng'ang'ania silva yake, nyufa ni nyembamba kuliko koti lenyewe, na mizunguko miwili ikilaliana bado haigusani. Koti nene linapasuka kwa vipande vikubwa na vipande vinaanguka. Nikiona nyufa nzuri, nyembamba, zimesambaa sawasawa, mimi nafurahi kabisa.

Kwa nyaya bapa za itriamu, sol-jeli inafanya kazi tofauti kidogo. Huko mkondo unakufa kama fuwele hazijapangwa sawa, pembe ikizidi digrii chache tu kati ya fuwele na fuwele mkondo unaanza kuporomoka, alafu nikeli ya utepe ulio chini inaichafua superkondakta. Basi unaweka oksidi katikati, ya seriamu au ya lanthanamu na zirkoniamu, inazuia nikeli na wakati huo huo inapitisha mpangilio wa fuwele kutoka chini kwenda juu. Koti linakuwa msingi, si nguo tena.

Na kuna walioamua kutoa insulesheni kabisa. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba koili ndogo isiyo na insulesheni ilifika tesla 45.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ikiwa ndani ya sumaku nyingine pale pale Tallahassee, na naheshimu sana hiyo kazi, mkondo ukipata shida unapita kwa jirani na koili inajiokoa. Lakini sumaku ya hivyo inachelewa kufuata ukiipandisha, na kuijua imefika wapi hasa ni kazi. Mashine inayotakiwa kupanda na kushuka mara kwa mara, kwa maoni yangu bado inataka koti.

Kama unataka kuanza, usianze na waya wa bismathi, ni ghali. Chukua waya wa silva tupu, au hata nikeli, uusafishe kwa asetoni kisha pombe, paka, choma. Upinde, kisha utumbukize kwenye naitrojeni majimaji, na hiyo usiogope kuiulizia, watu wa mbegu za ng'ombe wanaitumia kila siku. Utoe, uuache ufike joto la chumba uwe mkavu kabisa, kwa sababu umande peke yake utakudanganya. Ufunge karatasi ya shaba kuzunguka koti, weka mega, ile mita ya kupima insulesheni, kati ya shaba na waya, anza na volti 50 ndio upande. Ukisoma megaohmu kadhaa na haziyumbi, peleka kipande hicho kwenye tanuri la 890 na upime tena kikitoka. Ukisoma sufuri, usilaumu soli kwanza, angalia ncha ulipokata waya, kisha angalia mahali waya uligusa roda ukiwa bado mbichi.