Gari la rimoti la nitro: maana yake, na matunzo yake

Ukitaja neno "nitro" kwenye habari za magari, wengi huona ile chupa ya gesi inayofunguliwa gari likapaa. Hiyo ni gesi nyingine kabisa, ya kuiongezea oksijeni injini ya petroli. Nitro ya magari ya rimoti ni mafuta yenyewe, yamo kwenye tangi, hayana kitufe cha kubonyeza. Jina limetokana na kiungo kimoja tu, nitromethani, kinachochanganywa na methanoli na oili. Kopo lililoandikwa 20% lina nitromethani sehemu moja kwa tano. Oili huwa kama 8 hadi 14 kwa mia, na kilichobaki, ambacho ndicho kingi, ni methanoli.

Kwa nini ihangaikiwe hiyo nitromethani? Kwa sababu imebeba oksijeni yake ndani ya molekuli. Kilo 1 ya petroli hudai kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote, methanoli hudai kama 6.5, nitromethani 1.7 tu. Injini ina kifua kimoja. Kila inapovuta pumzi hupata hewa ileile. Ukiipa mafuta yasiyodai hewa nyingi, unaweza kuyamimina zaidi katika pumzi hiyohiyo, na nguvu ikapanda. Magari ya mashindano ya Top Fuel kule Marekani hunywa mchanganyiko wenye nitromethani karibu 90%. Lori la rimoti halina haja ya kufika huko. 20% linakimbia vizuri, na 33% ni ya wanaojua wanachofanya.

Ninaposema lori, nina picha ya Traxxas T-Maxx, iliyotoka mwaka 1999: magurudumu yote manne yanavuta, gia mbili za mbele, na rivasi. Matoleo yake ya baadaye yalikuja na injini ya 3.3, yaani ujazo wa sentimita 3.3 za ujazo. Kijiko cha chai kinabeba zaidi ya hapo. Na kitu hicho kidogo kinazunguka karibu mara 30,000 kwa dakika, wakati pikipiki ya bodaboda ya kawaida haifiki hata 10,000.

Sasa jambo lenyewe. Injini hii haina sampu ya oili, yaani lile bakuli la oili chini ya injini. Ni tu-stroku, kama chenso au zile pikipiki za zamani za kuchanganya oili kwenye petroli. Oili inayolainisha krenki, beringi na pistoni ni ile iliyokuja na mafuta, na ikishapita inatoka kwenye eksozi. Methanoli nayo, inapogeuka mvuke ndani ya injini, inanyonya joto na kuipoza. Kwa hiyo mafuta haya yana kazi tatu kwa mpigo: yanaungua, yanalainisha, yanapoza. Ukiyapunguza kidogo ili gari likimbie zaidi, umepunguza na oili, umepunguza na ubaridi. Gari litakimbia kweli, tena kwa sauti tamu, dakika chache kabla ya injini kunoki.

Kipimo cha mafuta kinarekebishwa kwa skrubu ya sindano kwenye kabureta. Ukiizungusha kulia mafuta yanapungua, kushoto yanaongezeka. Usiizungushe kama unafungua bomba la maji. Robo ya robo ya mzunguko, kisha endesha kidogo usikie. Mafuta yakiwa mengi gari linakokota, moshi ni mwingi na sauti inagugumia. Yakiwa kidogo unapata mlio mkali, moshi unapotea, na ukiachia resi injini inachelewa kushuka hadi sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa gari likiwa limesimama. Moshi mwembamba wa buluu gari linapokimbia ni rafiki yako. Ukikosa kipimajoto, dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini: likikaukia ndani ya sekunde 3 hadi 5, hali ni njema, likichacharika na kutoweka papo hapo, zima. Mwenye kipimajoto asivuke nyuzi 130 za Selsiasi.

Kabla ya kuilaumu sindano, kagua mipira ya silikoni. Tangi la mafuta halitegemei mteremko peke yake. Kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye eksozi kuleta shinikizo ndani ya tangi, ndilo linalosukuma mafuta hadi kwenye kabureta. Mimi nilipoteza Jumamosi mbili nikizungusha sindano huku na huku, gari asubuhi zuri, saa sita linazima. Mwishowe nililing'oa tangi, nikaziba njia moja, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kupuliza kupitia mpira safi. Vipovu vikatoka sehemu moja, tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, pale mpira ulipokuwa ukisuguana na chesisi. Mpira wa bei ya soda.

(Kupuliza ni sawa ukiwa na mpira usio na mafuta. Kufyonza kwa mdomo, kama wengine wanavyofanya na petroli, usithubutu. Methanoli ni sumu, inapofusha na kuua. Na mwali wake mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo usijaze tangi karibu na moto ukidhani utauona ukija.)

Plagi yake pia si ile ya cheche. Ndani ina waya mdogo wa platinamu uliosokotwa. Unapoiwasha, betri ya volti 1.2 hadi 1.5 inaupasha waya hadi uwe mwekundu. Injini ikishashika, betri inatolewa, na mvuke wa methanoli ukigusa platinamu moto unaendelea kuupasha wenyewe. Plagi ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1947, kazi ya Ray Arden. Weka mbili za akiba mfukoni. Gari likiwaka na kuzima mara tu unapotoa betri, badilisha plagi kwanza, fikra zingine baadaye. Na ukivuta kamba ya kuwashia ikagoma katikati, usitumie nguvu: mafuta yamejaa ndani ya injini. Fungua plagi, pindua gari, vuta taratibu yatapike.

Nikirudi kwenye swali ambalo kila mwenye lori jipya huuliza, yaani aongeze nini. Wengi huanza na injini kubwa au eksozi inayong'aa. Maoni yangu ni kwamba pesa ya kwanza iende kwenye vitu viwili visivyoonekana kwenye picha.

Cha kwanza ni filta ya hewa. Injini ya 3.3 ikimeza mchanga, ujue mchanga huo unapita kati ya pistoni na silinda mara mia tano kwa sekunde. Tafuta filta ya sponji za tabaka mbili, ya nje yenye matundu makubwa na ya ndani yenye matundu madogo, kisha uiloweshe oili ya filta na kuikamua hadi rangi isambae sawasawa pote. Sponji kavu inakamata mawe tu. Shingo ya filta ifungwe kwa kibanio cha plastiki, maana ikichomoka katikati ya kona huna taarifa. Anayekimbiza lori ufukweni aioshe kila siku ya kuendesha, bila msamaha.

Cha pili ni kinga ya gari kutoroka. Betri za risiva, kile kifaa ndani ya gari kinachopokea mawimbi ya rimoti, zikiisha nguvu, au mawimbi yakikatika, lori la kilo kadhaa linaweza kubaki na resi wazi likielekea kwa watoto. Springi ndogo inayovuta mkono wa kabureta ujifunge ni karibu bure. Ongezea kifaa kinachofunga resi na kukamata breki mawimbi yakipotea, kama rimoti yako haina uwezo huo, na uachane na betri nne za tochi. Pakiti ya kuchaji ya volti 6 inaipa sevo ya usukani, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu, nguvu ya kutosha pia. Na ujue namna ya kuzima kwa dharura: bana mpira wa mafuta, au ziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene.

Baada ya hapo ndipo uangalie beringi za kengele ya klachi (kile kikombe cha chuma kinachokamatwa na klachi), ambazo zinakaa kwenye joto na uchafu na hufa kimyakimya. Ukisikia mlio wa kusaga gari likiwa sailensa, au kengele inacheza ukiitikisa kwa vidole, zibadilishe kabla hazijaila krenki. Filta ndogo ya mafuta kwenye mpira nayo ni ya lazima. Mikono ya alumini ya sasipensheni? Ni mizuri kwa macho. Plastiki inapinda ikigonga jiwe na kurudi. Alumini inapinda ikabaki hivyo, au inapeleka kishindo kwenye chesisi. Mimi nimerudisha plastiki.

Injini mpya inahitaji kuzoezwa. Tangi 5 za mwanzo ziendeshwe na mafuta mengi, resi za upole, huku ukiongeza taratibu, lakini injini iwe ya moto. Silinda imetengenezwa nyembamba kidogo juu kuliko chini, kwa makusudi. Ikipata joto inatanuka kuliko pistoni, ndipo vinapokaa vizuri pamoja. Kuizoeza ikiwa baridi ni kuikwangua.

Kwa aliyeko Dar au Nairobi, kikwazo cha kwanza huenda kikawa kopo lenyewe. Mafuta haya yanahesabika kuwa shehena ya hatari, shirika la ndege halitakuruhusu kuyabeba kwenye begi. Ukiyapata, funga kifuniko kila unapomimina, kwa sababu methanoli inanyonya unyevu wa hewani, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha. Mafuta yaliyokunywa maji hayawaki vizuri na yanaleta kutu.

Kutu hiyo ndiyo inayoua injini nyingi zikiwa kabatini. Kila unapomaliza siku, toa mafuta kwenye tangi, washa injini iunguze yaliyobaki hadi izime yenyewe. Toa plagi, dondosha matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye tundu lake na kwenye kabureta, zungusha injini mara kadhaa, rudisha plagi. Kisha shusha pistoni chini. Ukiiacha juu, silinda ikipoa inaibana, na wiki ijayo utavunja kamba ukivuta. Mimi nimepaka doa la rangi nyeupe kwenye flaiwili: likielekea ardhini, pistoni iko chini, na gari linaweza kulala.