Kwa nini maji ya Malindi huwa mekundu?

Nilipokuwa mwalimu kijana, nilifundisha delta kwa kuchora mto Nile ubaoni. Nilikuwa na chaki za rangi na nilijivunia mchoro wangu: matawi ya mto, mashapo, bahari ya Mediterania. Ukisimama karibu na dirisha la darasa lile, uliiona bahari ya Malindi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza kuhusu rangi ile, wala mimi sikuuliza. Mto Sabaki unaingia baharini kilomita chache tu kaskazini mwa mji, na daraja lake tunalivuka kila tukienda Mambrui. Nile hakuna aliyewahi kuuona.

Siku hizi kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa Jiografia, kwa hiyo nasoma sana wanayoyaandika watafiti wa ufundishaji wa somo hili. Upo mjadala mmoja ambao haujaisha, na kila nikiusoma naikumbuka chai ile ya maziwa.

Michael Young, mwanasosholojia wa elimu wa Uingereza, alijulikana mwaka 1971 kwa hoja kwamba yanayofundishwa shuleni huchaguliwa na wakubwa kwa faida yao. Miaka mingi baadaye, mwaka 2008 hivi, akageukia upande mwingine. Akasema tusichanganye maarifa ya wenye nguvu na maarifa yenye nguvu. Haya ya pili ni yale ambayo mtoto hawezi kuyaokota nyumbani wala barazani, na ambayo yakimfikia humpa uwezo wa kufikiri kupita mipaka ya mtaa wake. Shule isipompa, hasa mtoto wa maskini, atayapata wapi? David Lambert, mtaalamu wa ufundishaji wa Jiografia, aliichukua hoja hiyo akaileta kwenye Jiografia. Alaric Maude wa Australia naye akajaribu kubainisha maarifa hayo ni yapi hasa katika somo letu. Aina anayoitaja ambayo mimi huipenda ni ile inayomwezesha mwanafunzi kuyapima maarifa yake mwenyewe: najuaje kwamba ninalolijua ni kweli?

Margaret Roberts, naye mtaalamu wa ufundishaji wa Jiografia, alijibu mwaka 2014. Kwake yeye, maarifa ya kila siku si takataka ya kufagiwa ili somo lianze. Mtoto hujenga dhana za kitaalamu juu ya yale anayoyajua tayari, na mwalimu asiyejua mwanafunzi ameingia na nini darasani huwa anajenga hewani.

Nilipousoma mjadala huu mara ya kwanza niliona Young na Roberts wote wawili wana haki, jambo ambalo halisaidii kitu ukiwa mbele ya wanafunzi hamsini. Lililonisaidia ni kurudi kwenye mto.

Mwaka juzi niliomba kipindi katika shule moja ya kutwa, Kidato cha Tatu. Niliandika swali moja tu ubaoni, hilo la kichwa cha makala haya. Majibu yakaja haraka. Mvua. Mto. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, ni watu wa bara wanatuletea uchafu wao," darasa likacheka. Mwingine, ambaye baba yake ni mvuvi, akasema kaskazi ikivuma ndipo maji hayo yanakuja huku mjini, na kusi huyasukuma kule Ngomeni.

Jibu hili la mwisho si hadithi za pwani. Wanasayansi wa bahari waliofuatilia mashapo ya Sabaki wanasema vivyo hivyo: wakati wa kaskazi tope huelekea kusini, likaja ghubani mwetu hadi kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, na wakati wa kusi huelekea kaskazini. Mvua za vuli zikinyesha vizuri, tope hilo hutukuta Desemba, watalii wakiwa ndio kwanza wanashuka. Kijana yule alikuwa na maarifa yaliyopangika kuliko kitabu chake cha kiada. Sikubaliani na wanaosema maarifa ya aina hii ni ya kuchangamshia darasa dakika tano za kwanza kabla ya "somo lenyewe".

Lakini maarifa yale yaliishia darajani. Nilipowauliza mto unatoka wapi, wengi walisema Tsavo. Wachache walijua kwamba Sabaki, Galana na Athi ni mto mmoja unaobadilisha jina njiani, na kwamba kichwa chake kiko karibu na Nairobi. Hapo ndipo hoja ya Young inaposimama. Udongo wa Machakos, huko bara mto unakopita, ukiwa katika maji ya Malindi ni jambo ambalo huwezi kuliona ukiwa ufuoni, hata ukikaa hapo miaka sitini.

Basi tukachora. Marjolein Cox na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichunguza iwapo wanafunzi wa sekondari wanaweza kufikiri kwa mfumo, yaani kuona jinsi jambo moja linavyolivuta jingine, nalo la tatu, hata likarudi kwa la kwanza. Waligundua kwamba wengi hushindwa, wanabaki na sababu moja na tokeo moja. Kisha wakawafundisha kuchora michoro ya visababishi yenye mishale, wakaongeza jambo la ukubwa wa eneo: mshale huu unatokea mtaani, huu unavuka nchi, huu unavuka dunia. Wanafunzi wakaimarika. Mbinu hii haihitaji intaneti wala projekta. Sisi tulitumia karatasi za manila na kalamu za rangi.

Yule kijana wa "watu wa bara" nilimpa tumbawe. Si la mkononi. Nilimweleza habari zake. Tumbawe hukua kwa tabaka za mwaka mwaka, kama mti. Tope la mto linapokutana na maji ya chumvi huachia madini yaitwayo bariamu, na tumbawe huyahifadhi ndani ya tabaka la mwaka huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300. Tangu 1700 hadi takriban 1900, tope halikubadilika sana, ukiondoa mafuriko ya hapa na pale. Baada ya hapo likapanda, na kuendelea kupanda. Nikamuuliza: nini kilitokea huko juu karne ile ilipoanza? Akafikiri, akasema, "Wazungu?" Walowezi walichukua ardhi, Wakamba, wenyeji wa Machakos, wakabanwa katika maeneo waliyotengewa pamoja na mifugo yao, misitu ikakatwa. Kufikia miaka ya 1930 Machakos ilikuwa ikitajwa kama mfano wa ardhi iliyokwisha.

Kisha nikamvurugia tena. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1930 na 1990, ilhali mmomonyoko ulipungua mashambani, kwa sababu wakulima walijenga matuta. Wapo waliowapinga, wakisema faida haikuwafikia wote sawa. Hata hivyo tuta lao maarufu, la kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, linaitwa "fanya juu" hadi katika vitabu vya Kizungu. Msichana mmoja akauliza swali ambalo ningetamani ningeliuliza mimi: kama walijenga matuta, mbona maji bado mekundu? Tukaongeza mishale miwili. Bonde la mto huu ni kubwa kuliko Machakos, na udongo ulioshuka zamani unaweza kulala kingoni miaka mingi kabla mafuriko hayajauokota tena.

Kengele ilipolia nilipita nikikusanya manila. Kwenye karatasi ya msichana yuleyule kulikuwa na mshale wa kijani uliotoka ufuoni ukarudi hadi Machakos. Nilidhani amekosea upande, nikamwambia. Akasema hapana. Baba yake ni mchonga vinyago, ametoka Wamunyu, huko Machakos. Maji yakiwa mekundu Desemba wageni hawaogelei, huondoka mapema kwenda Watamu, vinyago vinabaki. Baba hatumi pesa nyumbani. Nyanya hapati wa kumlipa atengeneze matuta yaliyobomoka, na mjomba hukata miti ya makaa.

"Na mvua ikinyesha," akasema, akiniwekea kidole pale mshale ulipoanzia.