Hawajafa, wamelala: dhana potofu kuhusu bakteria wa maji ya visima

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Mikindani aliniwekea mezani karatasi iliyokunjwa mara nne. Majibu ya kipimo cha bakteria cha kisima chake, yametoka Septemba: sifuri. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema, "Binti, kisima changu kina cheti. Hao wanaoharisha wameyapata kwingine." Karatasi za namna hiyo naletewa hapa maabara kila masika, na kila masika naeleza upya. Safari hii naandika.

"Maabara hawakuona kitu, basi hakuna kitu"

Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Sifuri ile inasema jambo moja tu: siku ile, katika mililita 100 zile, hakuna bakteria aliyekubali kuota kwenye sahani yetu. Tunampa chakula na joto, tunasubiri mpaka kesho, tunahesabu makundi yaliyoota. Aliyelala haoti, na asiyeota hahesabiwi.

Bakteria wa majini wanajua kulala. Mwaka 1982 Huai-Shu Xu, Rita Colwell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, waliieleza hali hii kwa E. coli, bakteria wa kinyesi, na kwa Vibrio cholerae, yule wa kipindupindu: yuko hai, lakini haoteshwi. Maji yakipoa mno, chakula kikiisha, chumvi ikibadilika, au klorini, yaani dawa ya maji, ikiwa kidogo isiyotosha kumuua, anajikunyata. Vibrio mwenye umbo la koma anakuwa kiduara kidogo. Shughuli za mwili anazipunguza mpaka kiasi cha kujishikiza roho tu, lakini ngozi yake ni nzima na vinasaba vyake viko palepale. Hali ikimnyookea anaweza kuamka. Mwaka 1996 Colwell na wenzake walichapisha majibu ya watu waliojitolea kumeza vibrio waliolala. Walipopita matumboni mwao, vibrio wale walitoka wakiwa wanaota tena kwenye sahani.

Bangladesh walikuwa na kitendawili chao. Kipindupindu kinakuja kwa msimu, kikishapita unaotesha maji ya madimbwi na hupati kitu. Watafiti walipotumia kingamwili zinazomnasa vibrio na kung'aa chini ya hadubini, vibrio walikuwapo, wengi wao wamejibandika kwenye kopepodi, vijidudu vya majini ambavyo ni ndugu wa kamba na kaa.

Sasa turudi kwenye Septemba. Kwetu Mtwara na Lindi mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Septemba kisima kimetulia, hakuna maji ya juu yanayoingia. Februari mvua inateremsha uchafu wa vyoo na wa njiani, maji yana joto, chakula cha bakteria kimejaa. Ndipo mtu anapokuja na karatasi ya Septemba kunithibitishia kwamba maji anayokunywa leo ni salama! Sisemi kupima ni bure. E. coli akionekana, ujue kinyesi kimeingia, acha kunywa maji hayo bila kuyatibu. Sifuri nayo ina thamani, ila ni habari ya siku ile. Pima kiangazi, upime na masika.

"Maji ya magadi hayakai mdudu, chumvi inawaua"

Vibrio anaitaka chumvi. Pale mto unapokutana na bahari, kwenye mikoko, Lukuledi ikiingia Lindi au Ruvuma ikimwaga maji yake, maji ya namna hiyo ndiyo maskani anayoyapenda. Kisima kifupi cha pwani chenye maji ya magadi hakina kinga yoyote kwa sababu ya ladha yake.

"Barafu inaua kila kitu"

Inawapunguza. Wanaobaki wanasubiri juisi yako. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa.

"Akilala anageuka mbegu isiyokufa"

Hapa watu wanachanganya. Wanaotengeneza spora ngumu ni wengine, kama bakteria wa pepopunda. Vibrio hana spora. Maji yakitokota kweli, mapovu makubwa yakapanda kwa dakika moja, anakufa, awe amelala au yuko macho.

"Dawa ya maji nitie nusu, isinuke"

Nawaomba sana akina mama wenzangu, msifanye hivi. Kipimo pungufu ndicho kinachoweza kumlaza bila kumuua. Tia kipimo kamili kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, tope linaila klorini kabla haijafika kwa bakteria, kwa hiyo chuja kwanza.

Na kuchuja nina shauri langu ninalolirudia kila ninapokwenda: kanga kuukuu. Bangladesh walitumia sari kuukuu zilizokunjwa safu kadhaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa asilimia 48. Kitambaa kinazuia kopepodi, na vibrio waliojibandika juu yao wanabaki hapo. Kiwe cha pamba, kiwe kimefuliwa mpaka nyuzi zimevimba na kukaribiana. Kanga mpya ya nailoni haifai. Wanaoelea peke yao wanapita, ndiyo maana baada ya kanga lazima uchemshe au utie dawa.

Jambo la mwisho ni kwa wanaoniletea sampuli. Kwa kipimo cha kawaida cha E. coli, weka chupa kwenye boksi la baridi, ifike siku hiyohiyo. Lakini mkishuku kipindupindu, tafadhali msiiweke kwenye barafu. Iacheni kivulini katika joto la kawaida na muiwahishe. Mkimpoza hivyo njiani, vibrio anaweza kufika kwangu amelala, naye hataota, nami nitalazimika kuwaandikia sifuri.